Pumzi ya Mpiga Mnada

Nyie vijana wa idara mliniaga vizuri. Mlinipa friji, mkaniimbia, mkanilisha keki mbele ya watu kama vile mimi ndiye mgonjwa. Friji nimeliweka sebuleni na ninahifadhia vitenge, maana umeme wa huku kwangu unakuja ukijisikia. Lakini mliniomba pia niandike kidogo jinsi kazi yetu ya mazoezi ya viungo ilivyokuwa zamani, na hilo nalitimiza sasa wakati mikono bado inashika kalamu. Vyeo sitaviandika, nilipandishwa pale walipokumbuka. Mishahara mnaijua wenyewe.

Nilifika Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini, natoka chuoni, kwa treni iliyonishusha asubuhi nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Rukwa. Ukisema Katavi watu walijua unasema mbuga na viboko wake. Mganga mfawidhi aliniuliza fiziotherapia ni kitu gani, akalipokea jibu langu bila ubishi, akanipa chumba kando ya pale walipofulia mashuka. Ndani mlikuwa na meza moja, viroba vya mchanga vya kufanyia mazoezi ya mikono, na mabomba mawili ya maji yaliyochomelewa yawe reli za kushikilia. Mvuke wa sabuni uliingia dirishani kutwa nzima. Wagonjwa wangu walikuwa wanatoka mle wananukia kuliko walivyoingia.

Wengi niliowapata walikuwa wamepooza miguu. Inyonga walituletea walioanguka kutoka juu ya miti wakitundika mizinga ya nyuki. Katumba walituletea walioporomoka na marobota ya tumbaku kutoka juu ya malori. Majimoto walituletea waliokutana na ng'ombe kwa ubaya. Uti wa mgongo ukivunjika usawa wa kiuno, miguu inabaki palepale ilipo ila habari haziifikii tena, haisikii, haiendi. Na kazi yetu ya kwanza haikuwa kumtembeza mtu. Ilikuwa kumgeuza kitandani asioze makalio. Muuguzi aliyesahau kugeuza alikuwa ananikuta mlangoni, na mimi ulimi wangu mnaujua.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Teofili, fundi wa hospitali. Alianzia kwenye karakana za reli, na vyuma vya miguu alivitengeneza kama alivyotengeneza mageti: imara, bila urembo, vizito. Alikuwa na jiriwa, tupa mbili kuukuu, msumeno wa chuma na drili ya kuzungusha kwa mkono. Kwa nyie mliokuta vya plastiki, niwaeleze. Kila mguu una fito mbili za chuma bapa, moja kila upande, na mikanda ya ngozi pajani na chini ya goti. Chini kuna kiatu, gotini kuna pete. Mguu ukinyooshwa, pete inashuka na kulifunga goti lisikunjike, na hapo mtu anasimama. Ili aende, anatanguliza magongo, anajinyanyua kwa mabega, anairusha miguu yote miwili kwa pamoja, inatua. Halafu anaanza upya.

Wiki yangu ya kwanza Mzee Teofili aliniuliza, "Binti, umewahi kuvivaa?"

"Nimesoma namna ya kumvalisha mgonjwa," nikajibu.

"Sijakuuliza kusoma."

Akanivalisha, akashusha pete, akanipa magongo na kunituma sokoni nikamnunulie kitunguu. "Na usinidanganye," akasema. "Miguu yako imekufa. Ukiikanyagia nitajua kwa nyayo." Soko lilikuwa jirani kiasi kwamba harufu ya dagaa ilitufikia karakana. Nilifika nimelowa jasho chapachapa, mabega yanawaka, moyo unagonga masikioni. Mama muuza vitunguu akaniuliza nataka vingapi. Mdomo niliufungua, neno halikutoka. "Jamani," akawaambia wenzake, "huyu kapooza mpaka ulimi!" Soko zima likacheka. Nilirudi na kitunguu chake na hasira zangu. Mzee Teofili akakimenya, akakila kibichi na chumvi, akaniambia sasa naweza kuwafundisha watu.

Kitabu changu cha chuo kilieleza jambo hilohilo kwa kiasi cha hewa anachotumia mtu akitembea, na kilikuwa na picha ya Mzungu amefungwa barakoa yenye bomba la mpira. Mashine hiyo Mpanda hatukuwa nayo. Nilikuwa na saa ya mkononi na vidole vya kushikia mapigo ya moyo. Hata hivyo jambo lilionekana wazi kabisa. Mwenye vyuma na magongo anamaliza nguvu nyingi kupita kiasi kufika mahali ambapo mimi na wewe tungefika tukipiga soga, na bado tutamtangulia. Mabega yanafanya kazi ya mapaja, na bega halikuumbwa kwa kazi hiyo. Mtu yuleyule mkalishe kwenye kiti cha magurudumu juu ya sakafu ya saruji, anakwenda anapiga hadithi. Mtoe nje kwenye mchanga, kiti kilekile kinamgeuka. Baiskeli ya kuzungusha kwa mikono ni nzuri ya barabarani, lakini ikiona kilima inadai wa kuisukuma.

Kule Katumba kulikuwa na mama mmoja, mkimbizi wa Burundi, ambaye magongo yangu aliyarudisha kwa heshima zote. Alikuwa anapalilia tumbaku amekaa juu ya ngozi ya mbuzi, anajivuta tuta hadi tuta. "Dada," akaniambia, "magongo yako yanamaliza nguvu zangu kabla jembe halijazigusa. Nitalima na nini?" Niliyarudisha stoo, na mwaka ule nikasikia amevuna kuliko jirani zake wenye miguu.

Shida ni kwamba wenzetu wengi hawakuhesabu hivyo. Kwao kusimama ndiyo kupona. Ndugu wakija kumchukua mgonjwa wanauliza swali moja tu: atasimama? Ukiwaambia atakwenda na kiti, wanakushukuru kwa sauti ya msibani.

Kesi iliyoninyima raha kuliko zote ilitoka Majimoto. Nkwabi alikuwa mpiga mnada wa ng'ombe. Kwa asiyeujua mnada wa kule: wafugaji wanaleta mifugo kwenye uwanja uliozungushiwa ua wa miti, wanunuzi wanaegemea ua kwa nje, na mtu mmoja anasimama katikati na fimbo yake. Yeye ndiye anayetaja bei, anaipandisha, anamwona aliyekonyeza kule pembeni, anamsifia ng'ombe asiyestahili sifa, anamtania mnunuzi mchoyo mpaka anaona aibu na kuongeza. Kipaza sauti hakuna. Ni koo la mtu na pumzi zake, tangu asubuhi hadi jua kali. Wasukuma waliohamia kule na makundi yao walikuwa wanapeleka ng'ombe siku ambayo Nkwabi yupo. Siku moja wakipakia lori, dume likambana kwenye nguzo likamvunja mgongo. Aliletwa Mpanda amelazwa juu ya magunia ya mpunga.

Alikaa kwetu muda mrefu, na alikuwa mgonjwa mwenye kelele. Asubuhi alipiga mnada wa uji wa wodini. Alimnadi daktari wa zamu, akamuuza kwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani kwa bei ya kutupa, kwa sababu, alisema, meno yalionyesha umri umekwenda. Tulicheka mpaka kina mama wa wodi ya pili wakaja kuchungulia. Wenzake wa wodini waliniambia kwamba usiku analia. Mchana hakuonyesha.

Akiwa bado wodini akatembelewa na Bwana Sikazwe, msimamizi wa mnada wa Majimoto, mtu mnene wa maneno machache, shati limechomekewa vizuri. Alileta machungwa. Alinivuta pembeni kule barazani.

"Sista, huyu atasimama?"

"Mimi si sista, ni fizio. Unaulizia kusimama au kufanya kazi?"

"Kwetu ni kitu kimoja," akasema. "Mpiga mnada aliyekaa, nani atamwona? Watu watadhani ni mgonjwa amekuja kuomba msaada. Kwa sasa nimemweka kijana anaitwa Doto. Hana sauti wala utani, ila ana miguu. Nafasi ya Nkwabi naishikilia hadi mpunga uvunwe. Baada ya hapo, nisameheni."

Hicho ndicho kilichokuwa kinagombewa, na sote tulikijua. Nkwabi hakuwa na kazi nyingine aliyoiweza wala aliyoitaka. Nikampa vyuma. Mzee Teofili aliona mabega yake mapana, akavitengeneza, kisha akavitoboa matundu ili vipungue uzito. Kwenye baraza yetu ya saruji Nkwabi alijifunza haraka kuliko mtu yeyote niliyemfundisha. Alirusha miguu, akatua, akarusha tena, wagonjwa wakipiga makofi. Mama yake, bibi mrefu mwembamba aliyekuwa analala chini ya kitanda cha mwanawe muda wote huo, alinishika mikono yote miwili. "Mwanangu," akaniambia, "huyu ataingia kwake amesimama, na watu wote watamwona." Alipofika Majimoto akachinja ng'ombe na kutangaza kwamba Nkwabi amepona. Alitangaza mpaka vijiji vya mbali.

Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa nilipopata nafasi kwenye gari la chanjo lililokuwa linakwenda Majimoto. Niliomba kusudi, siku ya mnada. Nilitaka kumwona Nkwabi akiwa kazini, siyo kwenye saruji yangu.

Kutoka nyumbani kwake hadi uwanjani siyo mbali, lakini ni mchanga mtupu. Nilimkuta njiani. Magongo yalizama, akayang'oa, akajinyanyua, miguu ikatua na kuzama nayo. Shati lilimganda mgongoni. Mama yake alikuwa anatangulia kama anayepeleka bwana harusi. Mkewe Minza, mwanamke mkimya wa macho makali, alifuata nyuma na kibuyu cha maji, naye hakumtazama mumewe. Alikuwa anautazama mchanga.

Kwenye lango la uwanja wazee wa Kisukuma walikuwa wamekaa juu ya magogo. Nkwabi alipofika usawa wao wakamsalimia. "Mwangaluka, Nkwabi!" Mnajua salamu ya Wasukuma haiishi kwenye neno moja. Unaitikia, unaulizwa nyumba, unaulizwa ng'ombe, unaulizwa mvua, nawe unauliza vyote hivyo, na mzee anasubiri kila jibu. Nkwabi alitikisa kichwa tu, akapita. Hakuwa na pumzi ya kusema hata neno. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema bila kunong'ona, "Huyu hospitali ya mjini imemrudisha na majivuno." Nilisikia uchungu, kwa sababu nilijua ni mapafu, siyo majivuno, lakini nani angeniuliza mimi?

Akaingia katikati. Akaanza kumnadi ng'ombe wa kwanza, sauti ikatoka vipandevipande. Alitaja bei, akavuta hewa, mnunuzi akaongeza, Nkwabi hakumwona kwa sababu alikuwa ametazama chini anapanga magongo. Hata fimbo hakuweza kuishika. Mikono yote miwili ilikuwa imeshikwa na kazi ya kutokuanguka. Mwenye ng'ombe akalalamika ameuziwa chini ya bei iliyotajwa. Kelele zikaanza. Jua halijawa kali Bwana Sikazwe akamwita Doto aje amalizie, na Nkwabi akapewa kigogo kivulini. Watu wakamletea soda. Aliishika ile chupa bila kuinywa.

Jioni tulikaa uani kwake. Bwana Sikazwe alikuwa ameshapita, amesema neno lake: mnada ujao ndio wa mwisho kumsubiri. Nkwabi alivua vyuma akavitupa pembeni.

"Dada, niongezee mazoezi," akasema. "Mikono bado dhaifu."

"Mikono yako ina nguvu kuliko ya askari," nikamwambia. "Tatizo siyo mikono. Unamaliza pumzi zote njiani, unafika kazini mtupu. Hata nikufanyishe mazoezi mwaka mzima, mchanga utabaki mchanga. Njoo na kiti."

"Nikija na kiti wataninunulia soda."

"Leo si wamekununulia?"

Mama yake akaingilia kwa ukali. "Mwanangu hatasukumwa kwenye kiti mbele za watu. Nimewaambia watu amesimama. Unataka niwe mwongo?"

Sikubishana naye, maana bibi yule hukuweza kumshinda kwa maneno. Nilimwomba tu anisaidie kupima. Nikamwambia aketi mlangoni pake, na kila Nkwabi akifika mbele yake amsalimie salamu kamili, kama anavyomsalimia mtu mzima mwenye heshima zake. Nkwabi akavaa vyuma, akaenda hadi kwenye zizi na kurudi. "Mwadila," akasema mama, salamu yao ya jioni. Nkwabi akafungua mdomo, akahema. Mama akauliza habari za nyumba. Akahema. Mama akauliza habari za ng'ombe, na sauti yake ilikuwa imeanza kubadilika. Nkwabi akainua kidole kuomba asubiri.

Alipopumzika vya kutosha tukamweka kwenye kiti cha magurudumu nilichokuja nacho, akajisukuma kwenye ua uliofagiwa, udongo mgumu. Akafika, akaitikia salamu yote, nyumba, ng'ombe na mvua, na akaongeza utani juu ya jirani. Mama akacheka bila kutaka. Kisha nikamwambia apite njia ya nje, kwenye mchanga. Magurudumu yakazama mpaka nusu. Alirudi hoi, na kwa mara nyingine mama yake akasalimia hewa.

Bibi akaibana kanga mdomoni. Alichokiona hakikuwa mapigo ya moyo. Aliona kwamba mwanawe amemfikia na hakumwitikia.

"Kwa hiyo vyuma hapana, na kiti hapana," akasema Nkwabi. "Basi nimpe Doto fimbo yangu yaishe."

"Vyuma siyo hapana," nikasema. "Kusimama tuli na vyuma hakuchoshi. Ukifunga magoti, ukajiegemeza kwenye kitu, mkanda ukakushika kiunoni, unaweza kusimama mpaka mchana na mikono iko huru. Kinachokula nguvu ni kwenda. Swali ni utafikaje pale katikati."

Hapo ndipo Minza, aliyekuwa anapepeta mchele pale ukutani tangu tulipoanza, akasema bila kuinua macho, "Mpunga wetu unafika sokoni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kwani mpunga umepooza?"

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nkwabi hakucheka. "Niende nimepakiwa kama gunia?"

"Mwenyekiti wa kijiji anapakiwa," akasema Minza. "Bibi harusi anapakiwa. Kuna mtu amewahi kumnunulia soda mtu aliyekaa juu ya mkokoteni wake mwenyewe, na ng'ombe wake mwenyewe wanauvuta?" Akatupa pumba pembeni. "Na usishuke. Simama humohumo. Utawaona wote."

Nkwabi alitaka kubisha, ila mama yake alishasimama. "Apande," akasema bibi. "Mimi mwana asiyeniitikia salamu simjui."

Niliporudi Mpanda nilimweleza Mzee Teofili. Alifikiri kidogo, akasema mkokoteni unatikisika, kwa hiyo mkanda uwe mpana na uwe na ndoano mbili, siyo moja. Akaushona mwenyewe kwa ngozi ya mshipi wa mashine, akapiga ndoano kutoka kwenye nondo. Nyie mnaojaza maombi ya vifaa kila robo mwaka, kumbukeni kwamba kifaa bora cha kumwendesha mgonjwa nilichowahi kukitumia kilikula majani na kikanya njiani. Kitabuni hakimo. Nimekitafuta.

Gari la chanjo lilirudi Majimoto kwa mzunguko wa pili, nami na ule mkanda ndani, ikaangukia siku ya mnada ule aliousema Bwana Sikazwe. Wengi walikuwa wanavuna, lakini watu walijaa, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba leo ndiyo leo. Doto alikuwepo tayari na fimbo yake mpya. Bwana Sikazwe alisimama langoni amekunja mikono.

Mkokoteni ulikuja taratibu, ng'ombe wawili weupe mbele, Minza anawaongoza kwa kamba. Nkwabi alikuwa amekaa juu ya kigoda, vyuma ameshavaa, fimbo magotini. Mkokoteni ukasimama mbele ya magogo ya wazee. Na Nkwabi, kabla hajaulizwa, akaanza yeye. "Mwangaluka, bhabha!" Akamsalimia wa kwanza, nyumba yake, ng'ombe wake, mvua ya kwao. Akamaliza, akaenda kwa wa pili. Hakuruka hata mmoja. Yule mzee aliyesema majivuno aliulizwa mpaka habari za mbwa wake. Wanunuzi wakaanza kupiga miluzi, ng'ombe wakalia, Doto akatikisa fimbo. Nkwabi akaendelea kusalimia. Mimi nilikuwa pembeni, vidole vinawasha kutaka kumshika mapigo ya moyo, lakini hapakuwa na haja.

Wakauingiza mkokoteni uwanjani, wakafungua ng'ombe kwenye nira, wakaweka mawe kwenye magurudumu na gogo chini ya ule mti mrefu unaobeba nira ili mkokoteni usiinamie mbele. Nkwabi akashika mbao za ubavuni, akajivuta juu, Minza akashusha pete za magoti, moja, mbili, akamfunga mkanda wa Mzee Teofili kwenye ubao wa nyuma. Nkwabi akajaribu kuegemea. Ukashika. Akaachia mikono yote miwili, akainua fimbo, akawa juu kuliko watu wote pale.

Sitawaeleza mnada wote. Sauti ilikuwa ileile ya wodini, ila sasa ilikuwa na nafasi. Alimwona kila aliyekonyeza, kwa sababu alikuwa anawatazama kutoka juu. Alimsifia ng'ombe mwenye kilema mpaka akanunuliwa na mtu wa mjini. Jua lilikuwa kali, wengine tukasogea kivulini, yeye akaendelea, na nilipomtazama shati lake lilikuwa limelowa kama la mtu yeyote aliyesimama juani, siyo zaidi. Ng'ombe wa mwisho alipouzwa watu hawakuondoka. Walikuwa wanamtazama Bwana Sikazwe.

Bwana Sikazwe akatembea mpaka kwenye mkokoteni. Mama yake Nkwabi alikuwa ameweka mikono kichwani. Minza alisimama kwenye gurudumu, ameshika kamba ya ng'ombe ambao hawakuwepo kwenye nira. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kugombana, nikikumbuka kwamba ni mgeni na gari linanisubiri.

"Nkwabi," akasema Bwana Sikazwe kwa sauti ya kusikika na wote, uso amekunja, "umechelewa kuanza. Watu wametoka mbali na mifugo yao, wewe uko langoni unapiga soga na wazee. Mnada ujao ukinichelewesha hivi nakukata siku. Kazi ni kazi, bwana!"

"Nisamehe, bosi," akasema Nkwabi. "Sitarudia."

Katika miaka yangu yote sijamwona mtu mwingine akigombezwa kazini akafurahi namna ile. Alishika ubao kwa mikono yote miwili, machozi yakawa yanamtiririka hadi kidevuni, naye Bwana Sikazwe, Mungu ambariki mtu yule, hakuacha kumgombeza.